Mikia Niliyoifuta kwenye Nota Zako

Mwalimu Lado,

Ejok, salamu ya kwetu. Najua ungenijibu kwa Kiarabu cha Juba, makusudi, ili nikae bubu.

Jumapili ijayo tunakuja Kakuma kuweka msalaba kwenye kaburi lako, na kwaya imeamua kuimba wimbo wako. Mimi ndiye mpiga kinanda, na mimi ndiye niliyeuharibu huo wimbo. Wacha nikwambie.

Unakumbuka karatasi ya nota uliyonipa niwanakilie waimbaji? Ilikuwa na d, r, f, s na ta, na juu au chini ya herufi, mikia midogo ya penseli. Nilidhani ni uchafu wa nzi. Kwa nzi wa Kakuma, nani angedhani vingine? Nikatoa raba nikafuta mbele yako. Ukasema tu, "Sasa karatasi imeoga." Mbona hukuniambia, Mwalimu? Linaniuma mpaka leo.

Na kinubi chako cha debe la mafuta. Kila nikiona hakipatani na kinanda nakaza nyuzi, nikigeuka tu unazilegeza. Nikasema moyoni, mzee masikio yamechoka.

Juzi nilienda kwa binti yako Keji. Akanitolea daftari lako, na mikia yote imo. Kisha akapiga kinubi, nyuzi amezikaza kwa sikio kama ulivyomfundisha. Nikawasha ile programu ya simu inayopima sauti. Inagawa kila hatua ya kinanda, vitufe vyeusi vikiwemo, vipande mia, na hatua ni kumi na mbili, kwa hiyo kutoka do hadi do ya juu ni elfu moja na mia mbili. Uzi wa kwanza hadi wa pili, karibu mia mbili arobaini. Wa pili hadi wa tatu, hivyo hivyo. Wa nne, wa tano, hivyo hivyo. Nikagawa elfu moja na mia mbili kwa tano, nikapata mia mbili arobaini kamili. Ulikuwa ukisema, "Ndugu watano, mbuzi mmoja, kila mtu kipande sawa." Kumbe ulikuwa unazungumzia nyuzi, mimi nikidhani ni mambo ya familia.

Halafu mikia. Re ina miwili juu, fa mmoja chini, so mmoja juu, ta, ile ti iliyoshushwa, miwili chini. Nimepiga hesabu mara mbili: kila mkia ni vipande ishirini. Re ya kinanda iko mia mbili, yako iko mia mbili arobaini. Kinanda changu hakina kitufe chake. Wewe uliiandika kwa penseli, huna simu, huna chochote. Ulihesabu, au ni sikio tu? Natamani sana kukuuliza.

Kimoja kimenishinda. Do ya mwisho kabisa ina mkia mmoja, na kwa hesabu do haisogei. Nikamuuliza Keji. Akacheka mpaka akalia, akasema, "Dada Akiru, huo sasa ndio wa nzi."

Jumapili kinanda kitabaki kimefunikwa. Keji atapiga kinubi, nami nitaifuata re yako kwa sauti hata ikinitoroka mara tatu. Pumzika, Mwalimu. Karatasi ya kwaya nimeiandika upya, kwa kalamu ya wino, mikia yote. Hata ule wa do ya mwisho nimeuweka. Sifuti tena.

Akiru,
Kanamkemer