Sponji za Mama

3 Juni

Mama mpendwa,
Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi sina. Mtihani wa roboti ni tarehe 21. Ikigusa ukuta, narudia mwaka. Nimegombana na mwenzangu kuhusu kihisi cha kupimia umbali. Yeye anataka cha mwanga, lakini ukumbi wa mtihani una madirisha makubwa na jua linakivuruga. Nimeshikilia cha sauti: kinatoa mlio tusiousikia, ukigonga ukuta ukarudi, roboti inajua imekaribia. Bado inakosea mara mojamoja, imechubuka ubavuni. Simu usipige, betri yake iko ndani ya roboti.
Mwanao

9 Juni

Mwanangu,
Marahaba. Mgongo umetulia, mdomo wa kuwafokea wateja ndio haujatulia. Barua yako imeniumiza. Mimi fundi makochi mzima, nina gunia la mabaki ya sponji, halafu roboti ya mwanangu ichubuke? Nimekutumia vipande ubandike kwenye kuta za mazoezi. Mwalimu wako nimempelekea sponji za kuta za ukumbini. Ameshanipigia kushukuru, kazibandika tayari kwa ajili ya watoto wote. Kaa kwa amani.
Mama yako

14 Juni

Mama,
Shikamoo. Nisamehe, salamu ni fupi, nimechanganyikiwa. Tangu tubandike sponji, roboti inakwenda moja kwa moja ukutani. Mwenzangu amekilaumu kihisi changu, kisha akasusa. Leo nimebandua kipande kimoja, ikasimama vizuri. Sponji inameza mlio, haurudi. Kubadili kihisi siwezi tena, muda umekwisha, na jua liko palepale. Mwalimu siwezi kumwambia. Mwanafunzi haruhusiwi kusema lolote kuhusu uwanja wa mtihani, na yeye amekusifia mbele ya darasa zima. Nakupenda, Mama, lakini zawadi yako itanifelisha.
Mwanao

18 Juni

Mwanangu,
Marahaba. Usilie. Ningemwambia mwalimu ukweli, ungeonekana unapangiwa mtihani na mama yako. Kwa hiyo nimempigia nikasema zile sponji ni za mteja, nilizigawa kwa makosa na mwenyewe anazidai. Akasema atazibandua leo hii. Sauti yake ilibadilika. Najua ameniona mtu wa kutoa na kupokonya, na niliona aibu mpaka nikakaa chini.

Sasa nisikilize. Akikutupia maneno kuhusu mimi, usinitetee. Inamisha kichwa, sema mama yangu ndivyo alivyo. Kisha washa roboti yako.
Mama yako