Kopo la Maji la Kakontwe

Mdogo wangu, Mama Plamedi,

Tangu tulipoongea Jumapili situlii. Leo sokoni nimeshona gauni la mteja nikaweka mikono yote miwili ya kushoto. Mwenyewe amecheka. Miye nimefumua kimyakimya, roho yote iko huko kwako Goma.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika hapa mtandaoni, wazi kwa wote. Pengine jirani yako mmoja ataona, akusomee.

Unakumbuka baraza letu la Kakontwe, hapa Likasi? King'ora cha machimbo ya mawe kikilia, marehemu papa, baba yetu mpasua mawe, siku ambazo hakuwa kwenye zamu, alituketisha kwenye benchi, kila mmoja na kopo la maji limejaa pomoni juu ya goti. Baruti inapasuka, madirisha yanalia, vumbi linamwagika kutoka kwenye mabati, na mama anashika kifuniko cha sufuria ya mboga ya sombe bila hata kugeuka. Asiyemwaga maji ndiye anapewa kitumbua kikubwa. Loo, ulikuwa mgumu weye! Miye niliruka kila mara, nikalowa sketi nzima, nawe ukala pole pole ukinitazama, makusudi. Papa hakutaka tukue waoga, na kwako alifaulu kabisa.

Sasa redio inasema ardhi ya huko inatetemeka mfululizo, na wataalamu bado hawajui kama ni moto unaotafuta njia chini ya mlima wenu wa volkano au ardhi inajinyoosha tu. Majirani zako wamehamishia mikeka uani. Mume wako anakuomba mwende Bukavu kwa dada yake. Weye umebaki ndani unapika. Nilipokusihi, miye dada yako mkubwa, ulicheka.

"Yaya, miye niko mutoto ya Kakontwe. Hii ni baruti tu."

Hapo hapo nikasikia sahani zinagongana kabatini kwako, na Plamedi akaita kwa furaha:

"Mama, angalia, sikumwaga!"

Halafu simu ikakatika. Kumbe umemfundisha mtoto mchezo ule! Nilikasirika, nakuambia bila kuficha, kisha nikakaa chini hapo hapo jikoni.

Sikiliza basi. Baruti ya Kakontwe ilikuwa na wenyewe. Papa na wenzake ndio waliotoboa mwamba, wakaitega, wakahakikisha kila mtu ameondoka, ndipo king'ora kikalia. Alitupatia yale makopo kwa sababu alijua mawe yataangukia wapi. Huko kwenu ametega nani? King'ora atapiga nani? Papa mwenyewe angekuwa hapo, angekuwa wa kwanza kukubeba.

Huenda mlima utatulia, na utanicheka mpaka Krismasi. Nicheke tu, nimezoea. Jana walipasua mawe tena hapa, nikajikuta niko barabarani na pasi mkononi, jirani yangu ananiuliza nakwenda kumpigia nani pasi. Nilikuwa nimeshaanza kukutafuta kwenye simu, na ile sauti ya kike ikaniambia tena kwamba hupatikani. Ninaogopa, mdogo wangu. Sina mwingine aliyebaki wa kukumbuka naye baraza lile.

Nenda Bukavu. Ukiweza kufika mpaka Likasi, chumba cha mama nimekifagia na neti nimefunga.

Na ikitikisika tena kabla hujaondoka, mwaga maji. Mwaga yote, mbebe Plamedi, toka nje. Mwambie kwamba mama yake mkubwa amebadilisha mchezo: sasa anayekimbia ndiye anayekula, na kitumbua kikubwa namkaangia miye.

Nakushika mikono yote miwili,

Yaya wako, yule wa kulowa sketi