Kabichi kwenye Mzani wa Watoto

Gitega, Alhamisi tarehe 9 Oktoba. Asubuhi ya manyunyu na baridi.

Dada Spès,

Huku nilikotumwa kujifunza uongozi wa kituo cha afya kuna mambo. Jana mtoto mmoja alikataa kupimwa uzito, foleni nzima ikanung'unika. Kwetu Muyinga ningeamuru ashikwe. Mkuu wa hapa, Madamu Yvonne, alitoa kabichi kwenye kikapu cha mama yake, akalitia katika suruali ya mzani, ile ya kuning'inizia watoto.

"Mama, huyu iko na kilo mbili tu! Unamunyonyesha kweli?"

"Uulize baba yake," mama akajibu. "Amebaki ku shamba, Makebuko."

Wauguzi walicheka hadi kushika ukuta. Mtoto akalia upya, safari hii akidai nafasi yake.

Nikanong'ona, "Na usafi, madamu?"

"Suruali tutaifua. We cheka kwanza! Wauguzi wangu wakinuna, wagonjwa ndio wanaumia. Kila asubuhi natafuta kichekesho kimoja. Ni kazi kama kazi ingine."

Nilicheka, Spès, mpaka kalamu ikanidondoka.

Barua yako ya kuomba uhamisho, uliyoandika kwa sababu ya ukali wangu, sijaisaini bado. Najua mnaniita Kamanda. Nivumilie mwezi mmoja. Ukiondoka sasa hutaniona nikijaribu kuchekesha watu, na hilo peke yake ni tamasha.

Nakupenda kuliko ninavyoonyesha kazini. Wakumbatie watoto.

Goreth

Jana nililala saa tano kasoro dakika kumi usiku, nikitafuta kichekesho changu cha kwanza.