Herufi ya Kwanza Kwenye Mashine ya Gololi

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi tusalimiane tu. Nisaidie kabla ya Jumamosi, maana baada ya Jumamosi hata ukinijibu nitakuwa nimeshahama mtaa.

Mimi ni fundi wa ukumbi wa michezo, na nikisema fundi sisemi wale wanaoshika bisibisi kwa mikono miwili, nasema fundi. Shule niliishia darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wamebakiwa na machache ya kunifundisha. Hapa ukumbini kuna mashine ya gololi, ile ndefu yenye kioo juu, unavuta mpini, gololi ya chuma inapanda, inagonga huku na huku, taa zinawaka, kengele zinalia, na wewe unairudisha kwa vibawa viwili isitumbukie shimoni, sasa hiyo mashine imekuwa mikononi mwangu miaka ishirini, na ikigoma naizaba kofi moja tu la ubavuni, upande wa kushoto, inaamka. Umeme wake uliwahi kunirusha kutoka pale ilipo hadi nje ya mlango, nikatua kwa miguu, bisibisi bado mkononi. Waulize watu.

Mashine hii inatunza rekodi ya mchezaji bora, pointi zake na herufi tatu za jina lake. Mimi na mke wangu tulijaliwa mapacha, kwa hiyo mtaa mzima mimi ni Baba Pacha na yeye ni Mama Pacha. Miaka kumi na saba iliyopita nilifika asubuhi nikakuta rekodi mpya, milioni tisa na ushee, pointi za kutisha, lakini herufi ya kwanza haionekani kwa sababu taa za sehemu ile zilishaungua zamani, zimebaki mbili tu, A na P. Nikajiuliza, humu ndani ni nani mwenye AP kama si BAP, yaani Baba Pacha? Nikatafakari, nikaona ni mimi. Kweli sikukumbuka kuzipata, na mimi sijawahi kuvuka milioni tatu, hilo nakuambia wewe tu, usilitoe gazetini, lakini mtu akicheza vizuri kupita kiasi si anaweza kusahau?

Basi nikaanza kusimulia. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimecheza kawaida, mwaka wa pili nilikuwa nimecheza kwa mkono mmoja, mwingine una kikombe cha chai, siku hizi nimefika mahali ambapo nilikuwa nimefumba macho nasikiliza gololi kwa masikio. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ana cherehani yake mlango wa pili, amejaribu kuivunja rekodi ile miaka yote kumi na saba, na kila gololi ikimpotea namwambia, "Shemeji, rudi kwenye vifungo."

Na rekodi hiyo nimeitunza. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa inaishi kwa betri, betri ikifa kila kitu kinafutika, na mimi sikuiacha ife hata siku moja, nabadilisha kabla ya wakati, hata mwaka niliovunjika mguu nilibebwa kwenye kiti nikabadilisha. Ila mojawapo ilivuja majimaji, yakaitafuna bodi ya ndani polepole, mwaka huu kofi likashindwa. Nikazaba la pili. Nikazaba na la upande wa kulia.

Ndipo akaja mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni fundi wa vifaa vya maabara na huwa haongei sana. Akachungulia, akasema, "Mjomba, bodi imeliwa. Tunaweka kompyuta."

Nikafungua milango yote miwili ili kompyuta ipite. Akatoa mfukoni kitu kama kiberiti.

"Hii ni rimoti yake?"

"Ndiyo yenyewe, mjomba."

"Na kofi nitazaba wapi?"

"Popote. Ila ukiizaba inaandika saa na dakika."

Mshauri, inaandika! Kufikia juzi nina makofi kumi na manne.

Siwezi kukataa, imepona, gololi inakimbia kama siku ya kwanza, na mimi nikawaambia wateja nimeiunda mwenyewe, mpwa alinishikia tochi. Juzi akaniita pembeni. "Mjomba, kabla sijaing'oa bodi ya zamani niliisoma kumbukumbu yake. Rekodi ni nzima, nimeihamishia kwenye kompyuta." Nikamwambia nilijua tu, hiyo ni kazi ya mkono wangu. Akasema, "Lakini si BAP. Ni MAP."

Nilikuwa nimesimama karibu na ndoo ya kupigia deki. Nikakalia ndoo.

Nikamsihi aifute. "Nafuta, mjomba," akasema, "ukishamwambia mkaza mjomba kwamba nimefuta, na kwa nini." Sasa Jumamosi tunaiwasha rasmi mbele ya watu wote, kioo kipya cha kuonyeshea rekodi, herufi zote tatu, na shemeji ameapa atafunga cherehani aje. Mke wangu hajui lolote. Jana alikuwa anakunja nguo, akaniuliza tu, "Baba Pacha, hicho kioo kipya kinaonyesha herufi zote?" Nikasema zote. "Hata ya kwanza?" Nikasema hata ya kwanza. Akacheka, akaendelea kukunja soksi.

Nifanyeje? Nichomoe waya? Nijilaze niumwe? Nimefikiria kusema M ni ya Mjomba, ila nimekwama kwenye A na P.

Ni mimi, fundi wa gololi.

*

Marahaba, fundi wa gololi.

Uliniomba nisiitoe gazetini ile milioni tatu. Nimeitoa. Umeme ulikurusha hadi nje ukatua kwa miguu, hata kwa hili utatua.

Rudi usome barua yako pale penye soksi. Mwanamke asiyejua lolote haulizi habari za herufi ya kwanza. Mkeo anajua, na amejua tangu siku ile, maana aliyeziandika herufi hizo ni yeye. Miaka kumi na saba amekusikiliza ukicheza kwa mkono mmoja, kisha kwa macho yaliyofumbwa, na chai alikuwa anakumiminia yeye. Pole yangu nampa yeye kwanza. Wewe subiri.

Hujaniambia ilikuwaje akacheza, na naona hujajiuliza. Nitakisia. Alikuja kukufuata jioni, akakukuta mlangoni unasimulia, akaingia ndani kusubiri. Wewe ukasimulia, yeye akacheza. Na miaka yote hiyo, baba mzima, hukuwahi hata mara moja kumwambia, "Mama Pacha, hebu cheza na wewe tuone." Hilo ndilo linalonikera, kuliko uongo wenyewe.

Ila kuna kitu ulikipitia mbio mbio kama hakina maana. Betri. Ulibebwa kwenye kiti, mguu umevunjika, ili rekodi isifutike. Ulidhani unalinda jina lako, kumbe ulikuwa unalinda la mkeo, na kama si wewe leo mpwa wako asingekuta kitu cha kusoma. Katika yote uliyoyasimulia tangu uwe fundi, hilo ndilo la kweli, na ndilo zuri kuliko yote, na hujawahi kumsimulia mtu.

Kamsimulie mkeo. Leo, na haraka, maana gazeti hili linatoka Alhamisi asubuhi na mafundi cherehani husoma magazeti. Unao muda mpaka shemeji yako afungue mlango. Usianze na umeme, usianze na darasa la sita. Mwambie, "Rekodi ni yako, nimeichukua, nisamehe." Ukishasema hivyo, nyamaza. Najua hujawahi, lakini jaribu. Akitaka kucheka, acha acheke mpaka amalize, ameivumilia kwa muda mrefu.

Mpwa wako usimwombe tena afute kitu. Na wateja waambie nani aliiunda na nani alishika tochi.

Jumamosi mwache Mama Pacha aiwashe mwenyewe na avute mpini wa kwanza, shemeji yako akishuhudia, na wewe usifungue mdomo. Kisha panga foleni nyuma yake kama mteja mwingine, mikono mfukoni, ubavu wa mashine usiuguse, maana kofi la kumi na tano litaandikwa.

Zamu yako ikifika, cheza. Herufi B ipo kwenye kioo kipya na taa zake zote zinawaka. Umebakiza milioni sita na ushee.