Maziko Chini ya Meza

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Mmeamkaje wewe na mjukuu wangu? Mimi namshukuru Mungu. Mgongo unanisumbua, ila cherehani bado naikanyaga.

Tangu tumzike mumeo hujaniandikia lolote. Dada yako alipita hapo, anasema mtoto anashinda na tableti, hata mkisali mezani macho yake hayatoki kwenye kioo chake. Chiriku wetu, aliyekuwa akipiga soga na viatu! Sikulaumu. Lakini hebu kifiche hicho kidude. Mpe maboksi na vipande vya vitambaa nilivyotuma, kisha mwache, usimwelekeze. Mungu alimpa kichwa cha kubuni mambo. Mtoto asiyecheza ananitia hofu kuliko mwenye homa.

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na mgongo. Sisi wazima. Huku kazini kwa dobi ni mashuka tu: nanyoosha, nakunja, narudi nyumbani.

Ya tableti ni kweli. Inamtuliza, nami inaniacha nikae zangu peke yangu. Kikundi cha maombi kinanisifu eti nina imani kubwa, kwa sababu silii. Si imani, Mama. Sisikii kitu. Tableti nimeiweka juu ya kabati kama ulivyotaka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, nami nikaendelea kupanga nguo.

Mwanao

25 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi umeniletea makubwa.

Kikundi kilikuwa kwangu, tumefumba macho tunaomba, mara tukasikia mahubiri chini ya meza. Mtoto kamlaza mdoli kwenye boksi la viatu, kamfunika kitambaa chako cheupe, anamzika huku akikohoa vilevile anavyokohoa mchungaji wetu. Mwenyekiti wa kikundi akasema huo ni uchuro na ni kumfanyia Mungu mzaha. Niliona aibu. Nikalitupa boksi, nikamrudishia tableti. Sasa kimya, hata chakula anakula akiitazama. Usinipe ushauri mwingine.

Mwanao

1 Aprili

Mwanangu,

Hali zenu? Mimi naendelea vizuri. Ushauri nakupa, ukasirike ukitaka.

Siku ya maziko mtoto aliachwa kwa jirani, akawashiwa katuni. Watu wote walimuaga baba yake, hata wale wasiomjua vizuri, isipokuwa yeye. Huo si mzaha, ni ibada aliyonyimwa. Mwenyekiti akiwa na neno, aje aniambie mimi. Mpe boksi lingine. Na akikupa kazi katika mchezo wake, ifanye.

Mama yako

29 Aprili

Mwanangu,

Mko salama? Kimya chako kinaninyima usingizi. Andika hata mstari mmoja.

Mama yako

18 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Kila siku nilikuwa nasema kesho.

Jana tulipotoka kanisani nilimpa boksi. Alilitazama kwa muda, akaiacha tableti kwenye kiti, akaingia chini ya meza. Safari hii hakumlaza mdoli. Aliweka soksi za baba yake, sijui alizitoa wapi. Kisha akanitengea mto.

"Wewe ndiye mama. Kaa hapa, ulie."

"Mama hawezi kulia, mwanangu."

Akanishangaa. "Si kulia kweli. Jifanye tu."

Nikaziba uso kwa viganja, nikatoa sauti ya uongo. Akanikosoa, eti sivyo, nilie kwa nguvu. Nikaongeza. Mama, sauti ilifika mahali ikaacha kuwa ya uongo, na nikashindwa kuizuia. Yeye hakuogopa. Alikaa mapajani mwangu akaanza kumsimulia baba yake habari za shule, za jino lililong'oka, na zangu mimi, akaongea mpaka giza likaingia.

Leo sikwenda kazini. Bado nalia, na inauma mno. Boksi liko wazi chini ya meza. Nilimuuliza kama tulifunike, akakataa. Anasema hatuziki mpaka Bibi afike.

Mwanao