Baba Amewaambia Nyuki Kwamba Amekufa

Mpendwa Mama Tegwen wa safu ya ushauri gazetini, naomba msaada wako kabla sijapoteza akili, maana hapa kwetu kwenye vilima vya Wales kuna mtu anatembea shambani na mimi sijui tena nimhesabu yu hai au nimhesabu vipi. Mtu huyo ni baba yangu mzazi, Idwal, ana miaka themanini na moja na afya yake ni nzuri kuliko yangu. Mwaka jana tuliposikia kwamba mashamba yaliyokuwa yakisamehewa kodi ya mirathi sasa yatasamehewa kwa sehemu tu, baba hakupata usingizi, akaenda kwa wakili akaandikisha kila kitu kwa jina langu, makonde, nyumba, hata kondoo, akisema afadhali anipe angali hai kuliko serikali ije ilivizie jeneza lake. Aliporudi akachukua ufunguo wa mlango mkubwa, akaenda kugonga mizinga ya nyuki mmoja mmoja, kama tunavyofanya mwenye nyumba akifa, akawaambia, "Bwana wenu amefariki, sasa bibi yenu ni Heledd," akaifunga vitambaa vyeusi. Nikamwambia, "We baba, huo si uchuro?" Akacheka. "Sasa niwaambie nini, nimestaafu? Nyuki hawajui mambo ya kustaafu."

Mama, kicheko kiliishia pale pale. Nyuki waliozoea kumtua mkononi sasa wanampita kama wanavyopita nguzo ya uzio, mbwa wetu Fflos akipigiwa mluzi na baba hainui hata sikio, na wakili alipomwonya kwamba akiendelea kukaa bure kwenye nyumba aliyoitoa watu wa kodi watasema hajaitoa, baba akahamia ghala la nyasi, na tangu hapo anajizungumzia kama mtu aliyezikwa. "Marehemu alipenda chai nzito," ananiambia, na kikombe kipo mkononi mwake. Juzi jirani yetu Eifion alikuwa amesimama naye bega kwa bega uzioni, akaniuliza mimi, "Hivi mzee mlimzika wapi?" na sikuona dalili ya utani usoni mwake.

Sasa nataka kuuza konde la chini nitengeneze paa la zizi, na mhasibu anasema kwa kuwa nimepewa na mtu aliye hai, faida yangu itahesabiwa kuanzia bei ile ya zamani baba alipolipata, kodi yake inatisha, lakini kama ningelirithi, bei ingeanza upya siku ya kifo na nisingelipa karibu chochote. Toka siku hiyo namtazama baba nikiwaza, Mungu anisamehe, kwamba kosa lake ni kupumua. Jana asubuhi niliandaa meza, nikala, nikaosha vyombo, ndipo nikamwona dirishani mvua inamnyeshea, na sijui alikuwa amebisha hodi kwa muda gani. Je, nimrudishie shamba, halafu nisubiri?

Heledd

Heledd, niliisoma barua yako mara mbili, kisha nikakasirika. Pole, mwanangu, najua hofu ya kupoteza shamba ilivyo. Lakini usubiri nini? Litaje basi jambo lenyewe, kama unaweza kulitamka!

Mhasibu wako hakukudanganya. Ila kodi hiyo haidaiwi mpaka uuze, kwa hiyo usiuze. Likodishe konde la chini kwa mwenye kondoo wengi, paa litengenezwe polepole. Na shamba si sufuria ya jirani, ukishaitumia unarudisha. Kila linapobadili mkono hesabu inafunguliwa upya, kwa hiyo usitie sahihi popote mpaka wakili na mhasibu wakae meza moja, wewe na baba mkiwepo.

Baba alipe pango la nyumba, kwa bei ya soko na kwa maandishi, alale kitandani mwake. Ghala nalo si ni lako? Basi kulala na panya hakujamsaidia kitu. Akifa leo akiwa bado anakaa bure, mirathi itahesabu nyumba ni yake, na wewe ukija kuiuza utabaki na bei ya zamani. Mtaumia huku na huku, na mzee keshapigwa baridi bure.

Vile vitambaa vifungue leo. Gonga mizinga, waambie nyuki mlikosea, mzee yupo. Eifion akikucheka, mwache acheke.

Nilikuwa nimalize hapo. Lakini roho haikutulia, nikapiga namba uliyoandika chini ya barua. Akapokea mzee, sauti ya upole. Nikauliza, "Ni Bwana Idwal?"

"Hapana mama, huyo hayupo tena," akasema. "Mimi nimesikia simu inalia tu. Heledd yuko hapa hapa jikoni, nadhani yeye haisikii."

Akakata. Heledd, weka gazeti chini sasa hivi, ugeuke, umwite baba yako kwa sauti mpaka aitike.