Ndama Niliyemficha Arap Mibei

Alhamisi. Mvua imeanza saa nane, kawaida yake huku kwetu, na mimi nina hasira tangu asubuhi.

Mpwa wangu alipiga simu: Arap Mibei amefariki, atazikwa Jumamosi. Mama, ambaye anakaa nami tangu miguu imshinde, alisikia yote. Akasema tu, "Mungu ampumzishe. Na yale mambo yaishe sasa." Kisha akaomba chai.

Yaishe! Kwa nani?

Wacha niandike, maana zaidi ya Mama sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka tisa, na Uhuru wenyewe ulikuwa bado mchanga. Baba na wenzake walikuwa wamegawana ranchi ya mzungu upande wa Chepilat, na sisi tukajikuta na nyasi nyingi kuliko ng'ombe. Rafiki yake Arap Mibei, aliyetahiriwa pamoja naye, aliishi ng'ambo ya mto na alikuwa na ng'ombe wengi kuliko nyasi. Akamwekea Baba ng'ombe wanne. Sisi Wakipsigis tunaita kimanagan: maziwa ni ya anayechunga, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na ndama akizaliwa, mwenyewe anapelekewa habari mara moja. Hakuna karatasi wala sahihi. Ni neno tu.

Wiki hiyo hatukupumua. Jumatatu tulipeleka ng'ombe josho kabla jua halijachomoza, mimi nyuma na fimbo, matope hadi kwenye nywele. Jumanne Chelel, yule ng'ombe mweupe wa Arap Mibei, akazaa ndama jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nikamfuta kwa nyasi. Akanilamba mkono, nikaamua ni wangu. Ujinga wa mtoto, lakini ndama wa mwaka uliotangulia nilimlea hivyo hivyo, na alipoachishwa ziwa Arap Mibei akaja akamchukua. Nililia hadi nikashikwa na homa.

Jumatano Baba alikuwa akivuta waya wa ua, hangeweza kuondoka. Akanituma mimi alasiri, Mama akisikia: "Chebet, kimbia umwambie Arap Mibei Chelel amezaa jike."

Nikafika mtoni, nikakaa juu ya jiwe nikaosha miguu. Nilikuwa nimechoka, huo ni ukweli. Siku hiyo nilikuwa nimeteka maji mara tatu na kusugua vibuyu vyote vya maziwa kwa mkaa. Lakini si uchovu ulionikalisha. Niliwaza: asipojua, hatakuja kumchukua. Mama akaja kuteka maji, akanikuta pale pale jua likianza kushuka. Hakuniuliza kitu. Tukarudi pamoja.

Baba aliuliza amesema nini. Nikamjibu haraka kama niliyekariri: "Amefurahi. Amesema atakuja kumwona." Baba akacheka kwa raha. Kicheko hicho ndicho kinaniuma hadi leo.

Jumamosi Arap Mibei alipita kutusalimia akitoka sokoni. Wazee wawili majirani walikuwa wameketi nje wakinywa mursik, maziwa yetu ya mgando. Baba akaenda kumpokea: "Karibu, umekuja kuona ndama!"

"Ndama gani?"

Baba akaniita. Nikasema, mbele ya wote, kwamba nilifika na kumwambia yeye mwenyewe, nje ya boma lake. Arap Mibei akainama kunitazama usoni. Akasema polepole, "Mtoto, mimi sijakuona wiki hii."

Na Baba, mtu mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akigombana hata na mbwa, akasema: "Mtoto wangu hasemi uongo."

Ningeweza kusema ukweli hapo. Mama naye alikuwa mlangoni na kibuyu mkononi. Alijua. Akatazama kibuyu.

"Basi mwongo ni mimi," Arap Mibei akasema. Jioni hiyo hiyo alikuja na wanawe wakaswaga ng'ombe wote wanne. Yeye mwenyewe alimbeba ndama begani.

Habari ikaenea hadi Sigowet. Kwetu, mtu anayeficha ndama hawekewi ng'ombe tena. Marafiki wengine waliomwekea Baba ng'ombe wakaja mmoja mmoja kuchukua wao, na nyasi zetu zikamea hadi zikanipita kimo. Mwishowe Baba akaenda Kericho kuchuma majani chai kwa watu, akachuma mpaka mgongo ukapinda. Alikufa akisema, "Lakini nilimtuma mtoto." Kila mara akitafuta uso wangu, nami nikiitikia kwa kichwa.

Nilitaka kusema. Siku iliyofuata ugomvi ule, Jumapili, nilimwambia Mama tukitoka kanisani. Akanishika mkono kwa nguvu: "Ukisema sasa, utamfanya baba yako mwongo mara ya pili. Nyamaza." Nilikuwa na miaka tisa, nikatii. Sasa nina wajukuu, na bado natii.

Nimemchukia kwa hilo, Mungu anisamehe, huku nikimkorogea uji kila asubuhi.

Lakini jiwe nililikalia mimi, si yeye.

Jumamosi naenda mazishini. Nitaomba nafasi, nitasimama mbele ya wanawe, wale waliokuja kuswaga ng'ombe, niseme kwamba baba yao hakusema uongo, wala wangu hakuficha ndama. Nimechelewa kwa wote wawili. Nitasema hivyo hivyo.

Nimemweleza Mama sasa hivi. Ameweka kikombe chini. "Utamwaibisha baba yako kaburini."

Nikataka kunyamaza, ni mazoea. Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema, "Baba aliaibika siku ile, Mama. Na sisi wawili tulikuwa tukitazama."

Chai yake imepoa mezani, na sijainuka kuipasha moto.